Tuzipime Shule za Ubaruku kwa Mizani ya Haki

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yanapotoka, swali linalotangulia katika kila kata ya Tanzania Bara ni moja: shule ipi imekuwa ya kwanza, na ipi imeburura mkia? Swali hilo si baya. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anafundishwa nini na anafundishwa vipi, na Serikali inayotoa fedha za wananchi ina wajibu wa kuuliza fedha hizo zimezaa nini. Lakini swali la haki likijibiwa kwa kipimo kisicho cha haki, jawabu lake huwa dhuluma. Na dhuluma hiyo huwaangukia wale wasio na sauti, yaani watoto wa shule za mbali na walimu wachache wanaokubali kuwafundisha.

Leo tunapenda kulitazama jambo hili kwa kuiangalia sehemu moja, nayo ni Ubaruku, mji mdogo ulioko katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Msomaji wetu wa Unguja au Pemba huenda akauliza, Ubaruku inatuhusu nini sisi watu wa visiwani? Inatuhusu kwa mambo mawili. La kwanza ni sahani zetu. Mchele wa Mbeya, unaosifiwa kwa harufu na ladha yake katika maduka na masoko yetu, kwa sehemu kubwa unalimwa katika bonde la Usangu, na Ubaruku ni mmojawapo wa miji inayoishi kwa mpunga huo. Si vyema kula jasho la watu tukawa hatuna habari na watoto wao. La pili ni kwamba yale yanayozitenganisha shule za Mbarali ndiyo yanayozitenganisha skuli zetu za mjini na zile za Tumbatu na Kojani. Anayeielewa Ubaruku atajielewa mwenyewe.

Wilaya ya Mbarali ilianzishwa mwaka 2000 kwa kumegwa kutoka Wilaya ya Mbeya, na makao yake makuu yapo Rujewa. Ni wilaya pana mno, yenye kilometa za mraba zaidi ya 16,000, na mtu asidhani kwamba watu wake wanaishi maisha ya namna moja. Barabara kuu iendayo Zambia pamoja na reli ya TAZARA, iliyomalizika kujengwa mwaka 1975, zinapita upande wa kusini wa bonde. Shule zilizo karibu na njia hizo, kama za Chimala na Igurusi, zinafikiwa na magari mwaka mzima. Ubaruku yenyewe ipo kandokando ya shamba kubwa la mpunga la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China na kufunguliwa mwaka 1977 chini ya shirika la umma la NAFCO. Shamba hilo lilileta mitaro ya maji, mashine na watu wa kazi za mishahara, na hata baada ya kuingia mikononi mwa wawekezaji binafsi, mji uliokua pembeni yake umebaki na soko, viwanda vya kukoboa mpunga na nyumba za kupanga. Kisha zipo kata za mbali, huko Luhanga na Miyombweni kwa mfano, ambako masika yakikolea njia hugeuka tope, na kutoka kijiji kimoja hadi kingine ni safari ya kutwa.

Hizo zote ni wilaya moja. Shule zake zote zina mwajiri mmoja, mtaala mmoja na mtihani mmoja. Matokeo yakitoka, zote huwekwa katika orodha moja, kuanzia juu hadi chini, kana kwamba zilianza mbio kutoka mstari mmoja.

Hatuna budi kukumbuka tulikotoka, maana wepesi wa kulaumu hutokana na kusahau. Wakati wa ukoloni shule ziligawanywa kwa rangi, na zile za Waafrika zilijengwa zaidi pale ambapo misheni zilipenda kukaa. Katika nyanda hizohizo za kusini, milima ya Rungwe ilipata shule mapema kuliko tambarare ya Usangu. Baada ya Uhuru, taifa liliamua kuiondoa tofauti hiyo. Mwaka 1967 ilitangazwa siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, iliamuliwa kwamba watoto wote wa umri wa kwenda shule wawe wameandikishwa ifikapo mwaka 1977, mapema zaidi kuliko ilivyokuwa imepangwa kwanza. Vijiji vilijenga madarasa kwa mikono yao, na maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu hukohuko vijijini ili wawafundishe wadogo zao. Aidha, nafasi za sekondari zikatolewa kwa mgawo, ili wilaya zilizoachwa nyuma zisiendelee kuachwa.

Sisi wa visiwani tulikwisha kulifungua pazia hilo kabla ya hapo. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo, na mtoto wa mkulima akaingia darasa lilelile la mtoto wa tajiri.

Njia haikunyooka siku zote. Katika dhiki ya miaka ya 1980 ada zilirudi Bara, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Zikafutwa tena ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi Bara ikapanda kutoka karibu milioni 4.9 mwaka 2001 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Kuanzia Januari 2016 michango ya lazima nayo ikaondolewa katika elimu ya msingi hadi kidato cha nne. Kwa hiyo mlango umefunguliwa, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mlango ukiwa wazi, inabaki kuuliza kilichomo ndani ya nyumba. Watoto wawili wanaweza kuingia darasa la kwanza siku moja katika wilaya moja, wote bila ya malipo, na mmoja akawa amepewa elimu, mwingine amepewa kiti tu; na pengine hata hicho kiti hakuna.

Jaribio kubwa la kuzishindanisha shule hadharani lilifanywa mwaka 2013, chini ya mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa. Shule zilipangwa kwa namba, kitaifa na ndani ya kila wilaya, na zikapewa rangi: kijani kwa zilizofanya vizuri, njano kwa za katikati, na nyekundu kwa zilizoshindwa. Nia ilikuwa njema. Ilidhaniwa kwamba mwalimu mkuu akiona jina la shule yake limeandikwa kwa rangi nyekundu atafunga kibwebwe, na Afisa Elimu wake hatalala usingizi.

Wataalamu watatu wa uchumi, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliyafuatilia matokeo ya mpango huo nchi nzima, na utafiti wao ukachapishwa mwaka 2021. Walichokikuta kinastahili kusomwa na kila kiongozi wa wilaya. Shule zilizokuwa chini kabisa ndani ya wilaya zao ziliongeza kweli kiwango cha kufaulu. Kilichozisukuma kilikuwa nafasi yao miongoni mwa jirani zao, machoni pa wakubwa wa wilaya yao. Lakini shule hizohizo zilionekana pia kupunguza idadi ya watoto waliofika kwenye chumba cha mtihani. Kwa maneno mengine, sehemu ya ushindi ilitokana na kufundisha, na sehemu nyingine ilitokana na kuwapunguza wale waliodhaniwa watashindwa.

Tulitafakari neno hilo. Mtoto aliyeonekana mzito wa kuelewa, ambaye ndiye hasa aliyefunguliwa mlango mwaka 1974 na mwaka 2002, amegeuzwa kuwa doa kwenye hesabu za shule. Hatusemi kwamba walimu hao walikuwa watu waovu. Tunasema kwamba binadamu hutenda kwa kufuata kipimo anachopimiwa. Ukimpima mvuvi kwa uzito wa samaki mmoja mmoja, atawatupa wadogo baharini. Ukiipima shule kwa wastani wa alama za waliofanya mtihani, utakuwa umeifundisha namna ya kuchagua nani afanye mtihani.

Mwanzoni mwa mwaka 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, Baraza la Mitihani la Tanzania lilieleza kwamba limeacha utaratibu wa kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Hoja ilikuwa kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana, na kwa hiyo kuwashindanisha hakuna tija. Hoja hiyo tunaiunga mkono kwa dhati. Lakini tunaongeza jambo moja: kuacha kupiga ngoma si sawa na kuacha kupima. Hatari iliyopo sasa ni kwamba, baada ya kuondoa kipimo kibaya, tutabaki bila ya kipimo chochote, na shule ya mbali itakosa hata ile aibu iliyokuwa ikimfanya mkubwa wa wilaya akumbuke kwamba ipo. Katika ofisi nyingi orodha hupangwa kimyakimya, wala mzoea orodha hauachi upesi. Basi tuulize: tuzilinganishe shule za wilaya moja kwa kipimo gani?

Tuanze na mwalimu, maana bila ya mwalimu mengine yote ni matofali. Tuchukue mfano wa kubuni, usiohusu shule yoyote ya kweli. Shule ya kwanza ipo karibu na soko, ina wanafunzi 700 na walimu 14. Ya pili ipo upande wa mbali wa bonde, ina wanafunzi 450 na walimu 4. Afisa anayesoma taarifa ya wilaya atakuta shule hizo mbili zina wanafunzi 1,150 na walimu 18, yaani mwalimu mmoja kwa watoto 64. Atasema, tuna upungufu, tuombe walimu Dodoma. Taarifa yake ni ya kweli, lakini imeficha ukweli mkubwa zaidi. Katika shule ya kwanza kila mwalimu ana watoto 50. Katika ya pili ana 112. Na kwa kuwa madarasa ni saba na walimu ni wanne, basi saa yoyote ya mchana kuna madarasa matatu yasiyo na mtu mbele ya ubao.

Sasa wahamisheni walimu watatu tu kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Ya kwanza itabaki na walimu 11, ya pili itakuwa na 7. Kila mwalimu, huku na huku, atakuwa na watoto kama 64, na kila darasa la shule ya mbali litapata mwalimu wake. Hatukuajiri mtu mpya hata mmoja, wala hatukusubiri bajeti. Huu ndio upungufu unaoweza kutibiwa ndani ya wilaya yenyewe. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kukifikia kunahitaji ajira mpya, hilo hatulibishi. Lakini ajira mpya zikija zikamiminwa palepale penye wingi, tofauti itazidi badala ya kupungua.

Kwa nini basi walimu hurundikana sokoni? Si kwa sababu ya uvivu, na viongozi wanaohutubia juu ya uzalendo wakiwa wamekaa penye umeme na maji ya bomba wasiwe wepesi wa kuwalaumu. Mwalimu anayepangiwa shule ya mbali huuliza mambo manne: nitalala wapi, nitakunywa maji gani, mtoto wangu akiugua usiku nitampeleka wapi, na mke au mume wangu atafanya kazi gani. Asipopata jawabu, huripoti, huandika barua, na baada ya muda huonekana amehamia mjini kwa sababu za afya au za ndoa. Nafasi yake hubaki imejazwa kwenye karatasi na tupu darasani. Nyumba moja ya mwalimu katika kijiji cha mbali huweza kufanya kazi kuliko mikutano kumi ya kuhimizana.

Jambo la pili ni mpunga wenyewe. Katika bonde la Usangu mwaka wa mkulima na mwaka wa shule hugongana. Shule hufunguliwa Januari, wakati mashamba yanapandikizwa. Mpunga unapotoa masuke, ndege hushuka kwa makundi, na watu wa kuamia ndege wanaopatikana kwa urahisi ni watoto. Kisha huja mavuno. Mtoto wa mfanyabiashara wa mjini hayumo katika mzunguko huo. Mtoto wa mkulima mdogo aliyekodi ekari mbili yumo tangu alfajiri. Mwezi wa Septemba watoto hao wawili hukaa mezani pamoja kufanya mtihani wa darasa la saba, na mmoja wao amepoteza wiki kadhaa za masomo. Hatulitaji hili ili kuhalalisha utoro. Tunalitaja kwa sababu shule yenye watoto wa kuamia ndege haiwezi kulinganishwa na isiyokuwa nao, mpaka kwanza siku za mahudhurio zimehesabiwa.

Jambo la tatu ni makazi yasiyotulia. Usangu ni nchi ya Wasangu, lakini kwa miongo mingi imepokea pia Wabaluchi, Wamasai, Wabarabaigi, Wasukuma na wengine waliokuja na mifugo au kutafuta mashamba. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu wapatao laki tatu wilayani Mbarali. Ile ya mwaka 2022 ikawakuta zaidi ya laki nne. Wakati huohuo, mto Ruaha Mkuu ulikwisha kuanza kukauka majira ya kiangazi tangu miaka ya 1990. Taifa likaona haja ya kulilinda ziwa la majani la Ihefu, wafugaji wakaondolewa kuanzia mwaka 2006, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Haja ya kuhifadhi maji haina ubishi. Yanawahusu wakulima wa chini na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Lakini kila mpaka unapobishaniwa, mtoto wa shule hulipa sehemu ya gharama. Kijiji kisichojua kama mwakani kitakuwepo hakijengi darasa la kudumu. Mzazi anayehama na ng'ombe huhama na wanafunzi. Na mtoto anayelisikia neno la Kiswahili kwa mara ya kwanza darasani anajifunza mambo mawili kwa pamoja, lugha na somo, wakati mwenzake wa Ubaruku mjini anajifunza moja.

Jambo la nne ni ukubwa wa shule. Shule yenye watahiniwa 15 ikipata watoto wawili wagonjwa siku ya mtihani, imepoteza zaidi ya asilimia 13 ya matokeo yake. Yenye watahiniwa 150 haitahisi kitu. Ndiyo maana hata orodha za Baraza ziliwahi kuzitenga shule kwa idadi ya watahiniwa. Ukubwa huamua pia fedha. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka huonekana kuwa sawa kwa wote, na sehemu yake hutolewa kwa vitabu kabla ya kufika shuleni. Kwa hesabu ya karatasi, shule ya watoto 700 hustahili shilingi 7,000,000, na shule ya watoto 150 hustahili 1,500,000. Lakini paa la shule ndogo huvuja sawasawa na la shule kubwa, na mlinzi wake hula kila siku. Usawa wa kugawa kwa kichwa si lazima uwe haki.

Hapa patakuwa na msomaji, pengine kiongozi mwenzetu, atakayesema: hizi ni hoja za kuwatetea wavivu. Mbona zipo shule za mbali, hazina umeme wala nyumba, na bado zinafaulisha? Tunamshukuru kwa swali hilo, maana linatufikisha pale tulipokuwa tukielekea. Ni kweli zipo. Wapo walimu wakuu wanaogeuza shule kwa kufika mapema, kukagua madaftari, kuwaita wazazi na kukataa mtoto hata mmoja apotee. Lakini katika orodha ya jumla hawaonekani. Shule ya mbali iliyotoka chini kabisa ikapanda hadi katikati imefanya kazi kubwa kuliko ya mjini iliyobaki ya tatu mwaka hadi mwaka, lakini zawadi huenda kwa ya tatu. Vivyo hivyo, shule ya mjini yenye walimu tele na wazazi wenye uwezo huweza kulala usingizi juu ya nafasi yake ya tano na asiwepo wa kuiamsha. Mlinganyo usio wa haki unamwonea mnyonge, na tena unamficha mvivu aliyebahatika.

Tuliosoma chuoni kabla ya kuingia skuli tunakijua kipimo kingine. Chuoni watoto hukaa jamvi moja, lakini kila mmoja ana somo lake. Huyu yuko kwenye alifu, yule yuko kwenye juzuu, na mwingine anakaribia kuhitimu. Maalimu hamwulizi mtoto, wewe ni wa ngapi? Humwuliza, jana ulifika wapi, na leo umefika wapi? Asiyesogea hukaripiwa, awe mbele au nyuma. Hicho ni kipimo kikali kuliko orodha, kwa sababu hakimwachi mtu kujificha nyuma ya wenzake. Kinaweza kutumika kwa shule kama kinavyotumika kwa mtoto.

Wala tusidhani kwamba visiwani tumesalimika. Kojani, baba akienda dago kuvua, mara nyingine familia huondoka pamoja naye, na dawati hubaki tupu. Tumbatu, mwalimu asiyeishi kisiwani husubiri chombo na hali ya bahari. Uzi, kwa miaka mingi, maji kujaa yamekuwa yakiamua nani atavuka na saa ngapi. Pemba, msimu wa karafuu ukifika, watoto huonekana chini ya mikarafuu wakiokota mpeta. Ndege wa Usangu na karafuu za Pemba ni hadithi moja kwa lugha mbili. Elimu ya msingi si jambo la Muungano, na kila upande una wizara yake na taratibu zake, lakini hekima haina mpaka. Ofisa wa Unguja na ofisa wa Mbarali wakikaa pamoja wangegundua kwamba wanahangaika na jambo lilelile.

Kwa hiyo basi, tunatoa mapendekezo matano kwa wenye dhamana.

Kwanza, kila wilaya ibandike hadharani, katika mbao za matangazo za kata na vijiji, idadi ya wanafunzi na walimu wa kila shule, walimu waliopo darasani, si waliomo katika daftari la mishahara tu. Mwananchi akiona kwa macho yake kwamba shule moja ina walimu 14 na nyingine 4, hatahitaji kuelezwa na mtaalamu. Na pasipelekwe mwalimu mpya kwenye shule yenye nafuu mpaka yenye dhiki imepata wa kila darasa.

Pili, shule ilinganishwe na shule inayofanana nayo: ya pembezoni kwa ya pembezoni, ndogo kwa ndogo, ya wafugaji kwa ya wafugaji; na juu ya hapo, kila shule ilinganishwe na ilivyokuwa yenyewe miaka mitatu nyuma.

Tatu, hesabu ianze kwa walioandikishwa darasa la kwanza, isianze kwa waliofanya mtihani. Shule iliyopokea watoto 80 ikafaulisha 30 kati ya 32 waliobaki isiitwe bora mpaka imeeleza walikokwenda wale 48.

Nne, tusingoje darasa la saba. Tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka 2010, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi hufika darasa la tatu bila ya kuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Anayepotea, hupotea hapo. Kulinganisha kuanze kwa kuuliza ni watoto wangapi wa darasa la pili wanaosoma, kuandika na kuhesabu. Shule shikizi, zile ndogo za vitongojini, ni msaada mkubwa katika hili. Katika fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilipangwa kujengwa huko vyumba 3,000 vya madarasa nchini. Chumba sasa kipo katika sehemu nyingi. Kinachodaiwa ni mwalimu atakayekaa humo.

Tano, nyumba ya mwalimu iwe mbele ya jengo la utawala, na kamati za shule za mabonde ya mpunga zipewe nafasi ya kupendekeza likizo zinazoafikiana na kilimo, ili mtoto asichaguliwe baina ya suke na kitabu.

Mapendekezo haya yanazidi kuwa ya haraka kwa sababu ya mabadiliko yaliyopo. Kwa Sera ya Elimu iliyozinduliwa mwaka 2025, elimu ya msingi Bara inakwenda kuwa ya miaka sita badala ya saba, kama ilivyokwisha kuwa Zanzibar, na elimu ya lazima itakuwa ya miaka kumi. Miaka ikipunguzwa, udhaifu wa darasa la kwanza na la pili hautakuwa na mwaka wa ziada wa kurekebishwa. Shule zenye walimu zitavuka salama. Zisizo na walimu zitawamwaga watoto wao sekondari wakiwa hawajui kusoma, halafu orodha nyingine itaandikwa, na kidole kitaelekezwa kwa sekondari.

Taifa lililowahi kuwaambia watu wake kwamba binadamu wote ni sawa haliwezi kuridhika na usawa wa mtihani tu. Mtihani mmoja kwa watoto waliofundishwa na watoto wasiofundishwa ni usawa wa jina. Viongozi wa wilaya, wa Mbarali na wa kwingineko, Bara na Visiwani, wanayo madaraka ya kutosha kuanza kesho: daftari la walimu lipo mezani kwao, na idadi ya wanafunzi wanaijua. Kabla ya kuiita shule ya mbali na kuiuliza kwa nini imekuwa ya mwisho, na wajiulize wao wenyewe waliipeleka nini ili iwe ya kwanza.